Akina Ng wa Mbangala

Kata ya Mbangala, wilayani Songwe, imo katika ukanda wa dhahabu unaoungana na Chunya. Watu wa ukanda huu wametoka kila upande, na waliotoka Usukumani wamekuja na majina yao: Ng'wandu, Ng'wigulu, Ng'waya. Tuseme basi mwenye karasha mmoja pale amechoka na daftari la karatasi. Anamwita kijana anayejua PHP, lugha ya kutengenezea kurasa za wavuti, amtengenezee ukurasa wa kusajili nani kaleta viroba vingapi vya mawe na nani anadaiwa.

Kijana anaandika kama wengi wanavyoanza. PHP yenyewe, iliyotolewa hadharani na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, inamruhusu, kwa kuwa amri zake huchomekwa katikati ya HTML. Kila kitu kimo katika faili moja: mstari huu unauliza hifadhidata, unaofuata unafungua jedwali, mwingine unapiga hesabu ya deni, kisha HTML tena. Fomu ya kurekebisha taarifa za mteja anaijaza kwa kuunga vipande kwa nukta, na jina analizungushia alama moja moja za mtajo: value='Juma'. Kwa Juma, kwa Sichone, kwa Mwashiuya, hakuna tatizo lolote.

Inapofunguliwa fomu ya Ng'wandu, kivinjari kinasoma value='Ng'wandu'. Kikifika kwenye ritifaa kinaamini jina limekwisha, na kisanduku kinaonyesha Ng. Karani amekuja kubadilisha namba ya simu tu, macho yake yako chini. Anabonyeza Hifadhi, na hifadhidata inaandika Ng. Hakuna onyo wala ukurasa uliokwama. Msimu ukiisha wako akina Ng kadhaa, kila mmoja na viroba vyake na deni lake, na hakuna awezaye kusema yupi ni yupi.

Hasara hukua zaidi pale kijana anapoanza kuziba kwa haraka. Anageuza ritifaa kuwa &#039; kabla ya kuhifadhi; fomu inapona, lakini ujumbe wa simu unamfikia mteja ukimwita Ng&#039;wandu. Anaondoa, anaweka kazi ya PHP iitwayo htmlspecialchars wakati wa kuonyesha, na ukurasa wake bado unakata jina: kabla ya PHP 8.1 ya mwaka 2021, kazi hiyo isipoambiwa ENT_QUOTES iliiacha ritifaa kama ilivyo. Akishalijua hilo anarekebisha sehemu tano. Ya sita imejificha kati ya swali la hifadhidata na hesabu ya deni, haioni.

Sikubali kwamba kosa lake ni usahaulifu. Amejipangia kazi inayomtaka akumbuke kila mahali, kila siku, jambo ambalo hakuna fundi aliwezaye. Maswali na hesabu vikae juu, au katika faili lao, na kiolezo, yaani faili lenye HTML, kipokee data iliyokwisha kuandaliwa, kiionyeshe tu. Atumie foreach na endforeach ili mabano yasipotee katikati ya jedwali, na alama fupi ya <?= ambayo tangu PHP 5.4 hufanya kazi kwenye kila seva. Kila jina lipite katika kazi moja fupi, tuseme e(), yenye ENT_QUOTES ndani yake. Katika kiolezo cha namna hiyo, mahali ambapo e() haipo huonekana kwa jicho. Mifumo ya violezo kama Twig, au Blade ya Laravel, humwondolea hata mzigo huo, kwa maana husafisha yenyewe.

Tundu linalokata jina la Ng'wandu ndilo linalopitisha hila. Oktoba 2005, Samy Kamkar aliweka msimbo katika ukurasa wake wa MySpace. Mtandao ule ulikuwa umepiga marufuku maneno fulani. Yeye akayakata katikati, yakapita. Chini ya saa 24, zaidi ya akaunti milioni moja zilikuwa zimemtumia ombi la urafiki bila wenyewe kujua.

Kwa hiyo jaribio la kwanza la fomu yoyote liwe na jina lenye ritifaa: fungua, hifadhi, fungua tena, soma kila kisanduku. Kijana wetu akilifanya leo, kiolezo chake kitapona. Majina yaliyokwisha kukatwa hayatarudi kwa msimbo wowote. Itambidi aombe lile daftari la karatasi, kama mwenye karasha hajalitupa.