Mwenye Mtumbwi na Maneno ya Watu



Tuwaze kijiji kimoja cha pwani ya ziwa letu, chenye mtumbwi mmoja tu wa kwenda Kalemie. Mwenye mtumbwi si chifu, wala hana askari. Lakini siku akikataa kupakia, mgonjwa hafiki hospitali, na samaki wa mchuuzi wanaoza. Basi, yeye ni mfanyabiashara tu? La. Ameshika nguvu juu ya maisha ya watu, ingawa hakuna aliyemchagua.

Kampuni za simu na za intaneti ndizo zenye mtumbwi siku hizi. Shehena yao ni maneno yetu. Yafaa tuulize maswali mawili.

Swali la kwanza: Kampuni ikifunga njia kwa amri ya Serikali, je, haina lawama?

Tarehe 30 Desemba 2018 Kongo ilipiga kura. Kesho yake kampuni za simu zilikata intaneti kwa amri ya Serikali, hata ujumbe mfupi wa simu, kwa muda wa siku 20 hivi. Serikali ilisema yataka kuzuia matokeo ya uwongo. Kuzuia uwongo ni jambo jema. Lakini kuwafunga wote midomo kwa ajili ya waongo wachache, tena wakati kura zinahesabiwa, ni kuwaadhibu wasio na kosa. Aliyeamuru ana lawama kubwa. Aliyetenda ana sehemu yake. Kampuni yaweza kudai amri iliyoandikwa, kuwaeleza watu wazi, na kwenda mahakamani. Isipojaribu hata moja, haiwezi kunawa mikono.

Swali la pili: Kampuni ikihukumu yenyewe, je?

Mwezi Januari 2021 Uganda ilikuwa karibu kupiga kura. Kampuni ya Facebook ya Marekani ilifunga kurasa zilizohusiana na ofisi ya Serikali, ikisema zilitumia majina ya bandia kuwadanganya watu. Tarehe 12 Januari Rais Museveni alitangaza kwamba Facebook imefungwa nchini. Pengine hukumu ya kampuni ilikuwa ya kweli, kwa maana uwongo ni uwongo hata ukitoka kwa mkubwa. Lakini hakimu wa haki huwasikiliza wote, hutoa sababu, na juu yake yuko hakimu mwingine. Mwananchi wa Uganda angemshtaki wapi hakimu aliye ng'ambo ya bahari? Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia: mchuuzi aliyeuza bidhaa zake kwa Facebook alipoteza soko, naye hakukosa neno.

Basi wajibu wetu ni nini?

Kwanza, tuwatake wabunge wetu sheria inayomfunga mtawala na kampuni pia. Pili, tusiutegemee mtumbwi mmoja: redio, barua, na mkutano chini ya mwembe ni njia pia. Tatu, tusipeleke habari tusiyoijua kuwa ni kweli, kwa maana kila uwongo tunaoutuma humpa mwenye nguvu sababu ya kufunga njia.

Shikeni neno hili: nguvu isiyoulizwa na mtu ni hatari, hata mkononi mwa mtu mwema.