Usililie Ploti za Malili

Kuna ugonjwa unaowapata wasomaji wa vitabu vya matajiri, na hapa Salama, kando ya barabara ya Mombasa, umewapata wengi. Kijana anasoma Beyond Expectations, kitabu cha maisha ya Njenga Karume kilichotoka 2009, na badala ya kuinuka anaanza kuhesabu yaliyompita. Ningenunua ploti Malili kabla Rais Kibaki hajazindua ujenzi wa jiji la teknolojia la Konza hapo jirani Januari 2013. Ningejenga gesti malori yakiwa tele. Ningemsikiliza mjomba. Kila "ninge" inamla nguvu za kesho asubuhi.

Rudi kwenye kitabu, kijana wangu, ukisome kwa jicho lingine. Karume alianza na makaa. Makaa! Bidhaa ya kuchafua mikono, iliyokuwa mbele ya macho ya kila mtu. Masomo yake yalikuwa machache. Alinunua, akauza, faida akairudisha kazini, mpaka akafikia mbao, usambazaji wa bia, hoteli, na mwishowe kiti cha Waziri wa Ulinzi. (Makaa yenyewe usiyaige. Kitui ilipiga marufuku biashara hiyo 2018, na mimi naona ilifanya vyema, maana miti yetu imebaki ya kuhesabika.)

Kama Kiambu kwa Karume ni mbali, mtazame Mutisya Munge wa Wamunyu, Mkamba mwenzetu. Vita Vikuu vya Kwanza viliwapeleka Wakamba wengi Tanganyika. Waliobahatika kurudi walirudi na makovu na hadithi. Munge alirudi na ujuzi wa kuchonga vinyago vya kuuza, akawafundisha wenziwe, na kazi hiyo ikalisha vijiji vizima vya Wamunyu hata leo. Nafasi yake ilikuja imevaa sura ya taabu, katikati ya vita ambavyo havikumhusu.

Tena hizi nafasi unazozililia huwa na tabia ya kurudi. Reli ya SGR ilipoanza 2017, na baadaye serikali ikalazimisha makasha yapande treni, miji ya barabara hii ililia njaa. Septemba 2022 Rais Ruto, punde tu baada ya kuapishwa, akaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudishwe bandarini Mombasa, na malori yakapata tena sababu ya kupita hapa. Kati ya aliyefunga hoteli akahama na aliyebaki na sufuria zake mbili, nani alimlaki dereva wa kwanza?

Sasa tazama maembe. Makueni ni kaunti ya maembe, na huko Kalamba tuna kiwanda cha kuyasindika. Hata hivyo wengi wetu tunauza yangali mtini, kwa bei ya dalali, yeye kivulini kwenye lori lake na sisi juani. Embe likiiva kabla lori halijafika, ni la kuoza. Hapo ndipo pana pesa ambayo wengi wetu hatujaiokota: kukausha, kupanga wakulima kumi wauze kwa sauti moja, kupambana na nzi wa matunda mapema, kuwatafutia wenye shamba mnunuzi wa moja kwa moja. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji ploti Malili.

Basi funga kitabu. Msimu unaanza kuchangamka Novemba. Ukifika, uwe umeshazungumza na wakulima wako na mnunuzi wako, na bei uwe unaijua wewe kabla ya dalali.