Wapika Pombe na Kipimo Chao

Wako wasomaji watakaoshangaa kuona gazeti la Kanisa likitoa nafasi kwa habari za pombe bila kuilaani. Lakini katika nchi yetu wako akina mama wengi, nao ni Wakristo wema, wanaowasomesha watoto wao kwa fedha ya mtungi. Tukiwaambia tu kwamba pombe ni mbaya, watatusikiliza kwa adabu, kisha watarudi jikoni kuwasha moto. Afadhali basi tuseme nao waziwazi: mpika pombe ana wajibu gani mbele ya Mungu, hasa anapopika pamoja na wenzake katika kikundi?

Tuitazame milima ya Mbinga. Tangu zamani Wamatengo hulima miteremko yao kwa ngoro: nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana, wanawake huzifunika kwa udongo, na katikati hubaki vishimo vinavyozuia mvua isichukue rutuba. Kazi hiyo ni nzito kwa nyumba moja. Ndiyo asili ya desturi ya ngokela: mwenye shamba alipika pombe, akaita majirani, wakalima pamoja, kisha wakanywa pamoja, siku nyingine ikawa zamu ya jirani. Pombe ile ilikuwa na mambo matatu: mwenyewe aliyejulikana, kazi iliyoitangulia, na mwisho wake. Mtungi ulipokwisha, watu walikwenda nyumbani.

Kahawa ilipoleta fedha, pombe nayo ikapata bei, na mambo yale matatu yakaanza kupotea. Leo mtu aweza kunywa bila kulima, asijue nani aliyepika, na mtungi huu ukiisha upo mwingine mlango wa pili. Malipo ya kahawa ya mwaka mzima yaweza kumalizika katika majuma machache, na shule zikifunguliwa mtoto hana daftari. Huko chini, kwenye pwani ya Ziwa Nyasa, toka Lituhi hata Mbamba Bay, hatari ni kubwa zaidi: mvuvi anayepanda mtumbwi usiku akiwa amelewa hachezi na fedha tu, bali na uhai wake na wa wenzake.

Kanisa halifundishi kwamba kileo chenyewe ni dhambi. Bwana wetu aligeuza maji ya mitungi sita kuwa divai kule Kana. Mtakatifu Benedikto, ambaye watawa wake walifika Peramiho mwaka 1898 na kulea imani ya nchi hii ya Ruvuma, aliweka katika Kanuni yake kipimo cha divai kwa kila mtawa kwa siku, akawaonya wasinywe kupita kiasi. Aliyejaliwa nguvu ya kujinyima kabisa alimwahidi thawabu yake kwa Mungu. Tena, juu ya mafundi wa monasteri, aliagiza pasiwe na udanganyifu wowote katika kuuza vitu vyao, na bei yao iwe chini kidogo kuliko ya wengine.

Hata leo Watrapisti, wanaoifuata Kanuni hiyo, hupika bia katika baadhi ya monasteri zao nchini Ubelgiji. Bia haipewi alama yao isipopikwa chini ya usimamizi wa watawa, na faida yake ni ya kutunza monasteri na kusaidia wenye shida. Watawa wa Westvleteren hupika kiasi cha kutosha riziki yao tu, ingawa wanunuzi wangependa zaidi.

Kikundi cha akina mama wa kijijini chaweza kuwa na kipimo vivyo hivyo. Mwanamke mmoja akimkatalia mlevi, mlevi atakwenda kwa jirani. Lakini wapikaji wote wa kijiji wakiwa na neno moja, mlevi hana pa kwenda ila nyumbani kwake. Hapo ndipo ilipo nguvu ya kikundi, nayo ni nguvu ambayo Padre mimbarini hana.

Basi, kwanza wapike kwa zamu, zamu ijulikane, na wafuate sheria ya leseni na ya saa za kuuza. Saa ya Misa mtungi ufunikwe.

Pili, nafaka iwe safi. Wako wanaodhani kwamba mahindi yenye ukungu, yasiyofaa kwa ugali, yafaa kwa pombe. Sivyo. Ukungu huo waweza kuacha sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Anayempa jirani yake kinywaji asichojua usalama wake, anacheza na amri ya tano.

Tatu, gongo isiguswe. Serikali ilipiga marufuku pombe za viroba tarehe 1 Machi 2017 kwa kuwa ziliwaharibu vijana; haitufai sisi kurudisha kwa chupa kilichoondolewa kwa mfuko.

Nne, wasiuziwe watoto, wala mvuvi aendaye ziwani usiku ule, wala mtu aliyekwisha kulewa. Tena mtu asikopeshwe pombe kwa dhamana ya kahawa iliyo bado mtini, maana kahawa hiyo ni ya mke na watoto pia.

Watatujibu: Tukifanya hayo tutapoteza wanunuzi. Ni kweli, mtapoteza baadhi, wala hatutaki kuwaficha. Lakini fedha ya mlevi ilitoka wapi? Ilitoka katika daftari la mtoto wa jirani na katika chumvi ya mama yake. Kumsomesha mwanao kwa kumnyima mwana wa mwenzako si faida. Ni deni, na Mungu atalidai.

Nanyi akina baba, msiwatwike wake zenu mzigo huu peke yao. Kikundi kikisema mtungi umefungwa, msiwatukane wala msigonge mlango. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo nao wasiwatenge wapikaji kana kwamba ni wadhambi kuliko wengine. Wawaite, wakae nao, wapatane juu ya kipimo.

Pombe isiyo na mlinzi itanywa shamba, itakunywa na nyumba. Mungu awape akina mama wetu moyo wa kuilinda, na waume zao moyo wa kuwatii siku watakaposema: Yatosha.