Yatima wa Nchi ya Mbali: Adabu za Kumngoja na Kumwendea

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyezaliwa hali ya kuwa baba yake amekwisha kufa, akalelewa na babu yake kisha na ami yake, na ziwashukie aali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wengi wa pwani hii wamehamia Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba. Miongoni mwao wako mume na mke ambao Mwenyezi Mungu hakuwajaalia kizazi, na wako waliojaaliwa lakini nyoyo zao zimewaelekea mayatima. Hao hutaka kumchukua mtoto wa nchi nyingine, wampe nyumba na wamlee katika dini. Huandika maombi, hukaguliwa nyumba zao, huulizwa mapato yao na afya yao, kisha huambiwa: Ngojeni. Hungoja mwaka, na pengine hungoja miaka mitatu. Chumba kimekwisha kupakwa rangi, kitanda kidogo kimekwisha kutandikwa, na huyo atakayelala humo hajulikani hata jina lake. Maswali yao yamefika katika darasa yetu mara kwa mara, nasi tumeona ni wajibu kuyajibu.

Jambo tutakalo kusema ni hili: muda wa kungoja ni sehemu ya ibada yenyewe. Katika muda huo ndipo hujulikana kama mtu amtaka yatima ili amtumikie, au amtaka ili aliwaze nafsi yake, hata ikiwa ni kwa kumnyang'anya yatima kilicho chake.

Na yatima ana nini cha kunyang'anywa? Mali huenda hana. Lakini kila mtoto, hata aliyeokotwa njiani hana nguo, anayo nasaba yake. Hiyo ndiyo mali yake ya kwanza, na Mwenyezi Mungu ameilinda kabla ya kulinda dinari na dirhamu zake.

Someni Suratul Ahzab, aya ya 4 na ya 5. Humo tumefundishwa kwamba mtoto wa kulea hageuki kuwa mwana wa kuzaa kwa maneno ya vinywa vyetu, na kwamba tumwite kwa jina la baba yake, kwani huo ndio uadilifu mbele ya Mwenyezi Mungu. Ikiwa baba yake hajulikani, basi yeye ni ndugu yetu katika dini. Hii ndiyo tafauti baina ya tabanni, yaani kumfanya mtoto wa mtu kuwa mwana wako kwa jina na kwa urithi, na kafala, yaani kumdhamini na kumlea. Tabanni imekatazwa. Kafala imesifiwa hata Mtume (S.A.W.) akabashiri kwamba yeye na mwenye kumdhamini yatima watakuwa pamoja Peponi, akaonyesha vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati.

Wako wanaodhani kwamba hukumu hii inapunguza mapenzi. Na wamtazame Zaid bin Haritha. Alitekwa utotoni, akauzwa katika soko la Ukadh, mwisho akafika nyumbani kwa Bibi Khadija, naye akamtunuku Mtume (S.A.W.). Baba yake, Haritha, hakupumzika. Aliuliza huku na huku mpaka akapata khabari za mwanawe, akaja Makka na fedha za kumkombolea. Mtume (S.A.W.) hakutaka fedha, bali alimpa Zaid khiari, na Zaid akachagua kubaki. Watu wakamwita Zaid bin Muhammad mpaka ziliposhuka aya tulizozitaja, ndipo akarudishiwa jina la baba yake. Je, mapenzi yalipungua? Yeye ndiye sahaba wa pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qur'ani. Mtume (S.A.W.) alimfanya amiri wa jeshi la Muuta mwaka wa 8 wa Hijra, akafa shahidi hapo, na mwanawe Usama alipendwa kama alivyopendwa yeye.

Basi wewe ungojaye, iweke khabari hii moyoni. Nyuma ya mtoto unayemtaraji huenda yuko Haritha mmoja aulizaye huku na huku. Si kila mtoto aliye katika nyumba ya mayatima amefiwa na wazazi. Wako waliopelekwa huko na umasikini, au vita, au maradhi ya mama, na wako waliopotea tu. Ule muda ambao maofisa wautumia kutafuta jamaa za mtoto, nawe huku waona unacheleweshwa, ni haki ya mtoto na ni haki ya huyo Haritha. Akipatikana jamaa awezaye kumlea, shukuru, hata kama machozi yatakutoka. Ulikuwa ukiomba yatima apate mlezi, naye amempata.

Sasa tuifikie khatari yenyewe. Mtu akichoka kungoja, shetani humjia kwa njia nyepesi. Hutokea dalali mwenye maneno matamu, akasema: "Ya nini taabu yote hii? Leteni fedha kadha wa kadha. Nitawapatia cheti cha kuzaliwa chenye majina yenu, mtoto atoke hospitali akiwa wenu, mpande ndege mwende zenu." Na mume na mke waliolia miaka kumi huyasikia maneno haya kama kwamba ni rehema.

Wallahi si rehema. Ndani yake mna dhulma zilizopandana. Mna ushahidi wa uongo, nao ni katika madhambi makubwa. Mna rushwa, na Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Mna kumuuza binadamu huru. Mna kuwadhulumu warithi wa kweli, kwani atahisabiwa mwana asiyekuwa mwana. Mna khofu kwamba mtoto huyo akikua ataoa nduguye wa damu asimjue. Na juu ya hayo yote, mtoto ameibiwa jina la baba yake, wala hapana mahali duniani atakapokwenda kuliuliza, kwa sababu karatasi zote zasema uongo mmoja. Ataishi katika nyumba nzuri, naye ni mtu aliyefutwa.

Atasema msemaji: "Sisi twamuokoa." Twamjibu: Yusuf (A.S.) alitolewa kisimani, akauzwa Misri, na aliyemnunua alimwambia mkewe amkirimu, huenda wakamfanya mwana. Akakaa katika jumba la watu wakubwa, na hata hivyo alibaki Yusuf bin Yaakub, na kwa jina hilo alikutana tena na babake. Kumuokoa mtu hakukupi ruhusa ya kumbadilisha nasaba.

Wala sheria za ulimwengu hazikuwa mbali na maana hii. Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 uliwekwa ili kuzuia watoto wasiibwe wala wasiuzwe kwa jina la kuasiliwa, na Kenya ilijiunga nao mwaka 2007. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 20, umeitaja kafala ya Kiislamu kwa jina lake kuwa ni njia moja ya kumlea mtoto asiye na wazazi. Na hapa kwetu, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo imeitaja kafala. Basi hana udhuru Muislamu asemaye kwamba hapana njia ya halali ila ya kudanganya.

Hata hivyo, njia ya halali yaweza kufungwa hali ya kuwa umo njiani, na ni lazima ujiandae kwa hilo pia. Mwezi wa Novemba 2014 Serikali ya Kenya ilisimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya. Morocco, ambayo ina sheria ya kafala ya mwaka 2002, ilitoa waraka mwezi wa Septemba 2012 wa kuwazuilia kafala wasiokaa nchini humo, na waliokuwa wakingoja ng'ambo wakakwama. Ethiopia ilipiga marufuku kabisa mwanzoni mwa mwaka 2018. China nayo, baada ya zaidi ya miaka thelathini, ilifunga mlango mwezi wa Septemba 2024, isipokuwa kwa jamaa wa karibu. Walikuwako watu waliokwisha kuonyeshwa picha za watoto wao kabla ya maradhi ya korona ya mwaka 2020, wakangoja zaidi ya miaka minne, kisha wakaambiwa hapana safari.

Huo ni msiba, wala hatusemi ni jambo dogo. Lakini aliyenuia kheri kwa moyo safi akazuiliwa, ameandikiwa thawabu yake kamili, kama tulivyofundishwa katika hadithi. Na mkono uliokuwa umenyoshwa kwa yatima wa mbali usirudi mfukoni. Wako mayatima mtaani kwako, na wako waishio na bibi zao wazee, wakosao ada ya skuli na kanzu ya Idi. Kumdhamini mtoto hapo alipo, bila ya kumtoa kwao, ni kafala pia.

Sasa tuwatajie wenye kungoja mambo ya kutenda, ili siku zao zisipite bure.

La kwanza, anza na idhini ya nchi unayokaa kabla ya kuuona uso wa mtoto. Kafala iliyothibitishwa na kadhi wa nchi moja haifungui mpaka wa nchi nyingine. Mtoto mmoja wa Algeria aliyechukuliwa kwa kafala na watu wakaao Uingereza alikataliwa kuingia, na kesi yake ikaenda mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 26 Machi 2019 ikahukumu kwamba kafala haimfanyi kuwa mwana wa kuzaa kwa sheria ile, ila yapasa kurahisishiwa kuingia kama mmoja wa jamaa. Hiyo ilikuwa ni baada ya miaka mingi tangu kukataliwa, na utoto haungoji mahakama. Basi uliza mapema, uliza kwa maandishi, na uliza kwa wakili ajuaye sheria hizo.

La pili, jifunze hukumu ya kunyonyesha. Mtoto wa kulea akibaleghe si maharimu wa walezi wake ila kwa sababu ya kisheria, na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi sababu hiyo ni kunyonya mara tano zilizo mbali mbali kabla hajatimiza miaka miwili ya mwezi. Akiwa ni mwana wa kiume, anyonyeshwe na dada wa mke, ndipo mke awe khalati yake. Akiwa ni mwana wa kike, anyonyeshwe na dada wa mume, ndipo mume awe mjomba wake. Hili huhitaji kutengenezwa na jamaa kabla ya safari, kwa sababu miaka miwili hupita upesi, na mlango huo ukifungwa haufunguki. Ikipita, mtoto hatupwi. Atalelewa kwa mapenzi yale yale na kwa adabu ya sitara, na mwanachuoni aulizwe.

La tatu, andika wasia. Mtoto huyu hatakurithi, na kwa sababu hakurithi wafaa kumwusia mpaka thuluthi moja ya mali yako. Wangapi wamelea kwa ukarimu, wakafa ghafla, na jamaa wakamtoa yatima nyumbani kabla ya arobaini kwisha! Karatasi moja uliyoiandika wakati wa kungoja ingalimsitiri.

La nne, jifunze lugha ya mtoto, ijapokuwa maneno mia, na chakula chake, na nyimbo ambazo walezi wake humbembelezea. Ukifika, usimpokonye mikononi mwa mlezi wake. Kwako siku hiyo ni harusi, kwake ni matanga, kwani anaacha watu wote aliowajua. Akikulilia na kukukimbia siku za kwanza, usihuzunike. Omba upewe nguo yake kuukuu, na jina la aliyemwokota, na jina la kijiji, na kila khabari ya wazazi wake. Yaandike na yaweke mahali pamoja na cheti chake, maana siku moja atayauliza, na wewe ndiwe mwekewa amana.

La tano, safisha nia kila usiku. Wanawake wa Bani Saad walipokwenda Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha, kila mmoja alipoambiwa kwamba Muhammad ni yatima alimkataa, kwa kuwa walitaraji kitu kutoka kwa baba. Halima alimchukua mwisho, kwa kuwa hakupata mwingine na hakupenda kurudi mikono mitupu, na baraka zote zikamfuata yeye. Huenda nawe ukaonyeshwa mtoto asiyekuwa yule uliyemchora moyoni: mkubwa kuliko ulivyotaka, au mgonjwa, au mwenye kilema. Kumbuka Halima kabla ya kusema hapana.

Enyi ndugu zetu wenye kungoja, wazee wetu wamesema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nanyi mmekwisha kuianza kazi hiyo kabla ya mtoto kufika. Kila siku mnayoivumilia bila ya kuingia katika haramu mnamlea. Siku atakapowauliza, "Mimi ni nani?", muweze kumjibu kweli, na muweze kumtazama machoni.

Ewe Mola wetu, wape mayatima walezi wema, na wape walezi subira na riziki ya halali. Warudishie watoto waliopotea wazazi wao, na wazazi waliopotelewa watoto wao. Na uwafikishe salama wasafiri wote waliotoka kwa ajili ya radhi zako. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.