Nani alipe kilichovunjika katika nyumba ya wengi?

Masomo: 2 Wafalme 6:1-7, Kutoka 22:14-15

 

Tukisoma habari ya chuma cha shoka kilichoelea juu ya maji, mara nyingi tunaukimbilia muujiza. Safari hii tuanzie mstari wa kwanza, maana pale tunakuta watu wanaofanana na sisi. Wana wa manabii walimwendea Elisha wakamweleza kwamba mahali wanapokaa pamekuwa padogo, hawaenei tena. Ni nani kati yetu asiyelijua neno hilo? Wakakubaliana waende Yordani, kila mtu alete mti wake mmoja, wajijengee pa kukaa. Ilikuwa basi nyumba ya mchango. Na mmoja wao alipokuwa akikata, chuma kikachomoka kikatumbukia majini, naye akapiga kelele kwa uchungu, kwa sababu shoka halikuwa lake. Alikuwa ameliazima.

Huyu hakuwa mlevi wala hakuwa akicheza. Alikuwa kazini, tena kazi ya wote. Angeweza kusema si kosa lake, na ingekuwa kweli. Lakini wazo lake la kwanza lilikwenda kwa mwenye shoka, kwamba jioni mtu atauliza mali yake.

Naye Elisha hakuuliza nani alilegeza mpini, wala hakumkumbusha mambo aliyoharibu mwaka jana. Aliuliza chuma kimeanguka mahali gani, na yule akamwonyesha. Tunaomba mlishike swali hilo la Elisha, kwa sababu kule Wandegeya tumeona nyumba iliyouliza "nani" kwa ukali mwingi hata ikasahau kuuliza "wapi" na "kwa namna gani", na karibu tupoteze mtoto wa watu. Tunaieleza bila majina, kwa ruhusa ya wenyewe.

Kwa wasiofika huko, Wandegeya iko chini ya kilima cha Makerere, kando ya barabara ya Bombo, upande wa kuelekea Mulago. Waganda wanasema jina lake limetoka kwa ndege wanaofuma viota, walioijaza miti ya pale zamani. Sasa ni watu waliojaa. Wanafunzi wa chuo kikuu wako katika hosteli zao, na huko bondeni kuna vyumba vya mstari ambavyo Waganda wanaviita mizigo, na kweli vimebeba mizigo ya wengi. Jirani kuna mtaa unaoitwa Katanga. Sisi tuliotoka Kongo tunacheka tukisikia, kwamba tumekimbia mbali hivi tukakuta Katanga nyingine inatungoja. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kutafuta kazi, lakini anayekwenda mjini anaacha nyuma shamba lake na sehemu kubwa ya msaada, na kodi ya chumba hakuna wa kumlipia. Ndiyo sababu watu wasio wa tumbo moja wanachanga na kukaa pamoja.

Nyumba tunayoisema ina vyumba viwili na watu saba: mama mjane na watoto wake wawili, vijana watatu, na binti wa miaka 19 anayesuka nywele saluni. Wote wanasali. Katika miezi miwili viliharibika vitu vitatu. Kioo cha dirisha kilipasuka usiku wa mvua, upande anaolala binti. Chupa ya chai ya yule mama ilivunjika mikononi mwa binti alipokuwa akiiosha. Tena usiku mmoja umeme ulikuwa umekwisha katika mita ya Yaka, binti akapita gizani na beseni la maji, mguu ukanasa katika waya wa ekstensheni, na televisheni ya kijana mmoja ikaanguka kifudifudi.

Wakakaa kikao. Wakahesabu kioo shilingi 30,000, chupa 25,000, televisheni 400,000. Jumla 455,000, na mlipaji mmoja tu, kwa shilingi 50,000 kila mwezi kutoka katika mshahara wa kusuka. Binti akakubali. Alikuwa na nani wa kumsemea? Mama yake yuko hapa kambini, baba alibaki katika vita. Akalipa mwezi wa kwanza, akalipa wa pili, na chakula cha mchana akakiacha. Mwezi wa tatu akatoka asubuhi kwenda kazini, jioni hakurudi, simu ikazimwa.

Mama yake alibisha mlango wetu kabla ya jua kutoka. Ninyi akina mama mnajua alivyokuwa, hatuna haja ya kueleza. Binti alionekana siku ya kumi na moja. Mwenye saluni alikuwa amemruhusu kulala kati ya viti, na tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mama yule Mganda. Tunafahamu mabinti wengine ambao hawakupata saluni ya kulala.

Tulipokaa na nyumba ile, mmoja alisema, "Mchungaji, ajali haina kinga, tusameheane yaishe." Mwingine akasema, "Hapana, aliyevunja alipe, ndiyo haki." Maneno yote mawili ni mepesi, na Torati haikwendi nayo. Katika Kutoka 22:6 mtu anawasha moto, unashika miiba, unateketeza nafaka ya jirani. Hakukusudia, lakini atalipa, kwa sababu moto ulikuwa wake kuulinda. Vivyo hivyo anayeacha pasi ikiwaka akaenda dukani na nyaya za nyumba zikaungua, asituambie kwamba ni ajali. Lakini mistari michache mbele, 14 na 15, Mungu anapambanua. Mtu akiazima mnyama, na mnyama akaumia au akafa mwenyewe asipokuwapo, aliyeazima atalipa. Mwenyewe akiwa pamoja naye, hatalipa. Na ikiwa mnyama amekodiwa, hasara iko ndani ya ujira uliolipwa. Tazameni jinsi Mungu alivyoona vema kuweka mambo ya punda wa kukodi katika Maandiko Matakatifu. Basi tulikichukua kila kitu peke yake.

Kioo kwanza. Tuliuliza swali la Elisha, kilipasukia wapi na kwa namna gani. Komeo la dirisha lilikuwa limekufa kabla hawajahamia, upepo ukalipiga dirisha ukutani. Chumba ni cha kukodi, na uchakavu wake uko ndani ya kodi. Hata sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 haimtwiki mpangaji uchakavu wa kawaida. Anajibu kwa kile alichoharibu yeye. Sasa kwa nini hawakumwendea mwenye nyumba? Wakatazamana. Mmoja akasema Luganda chao ni kidogo, na waliogopa kuambiwa wahame. Hofu hiyo tunaielewa, tumeibeba wote. Lakini, ndugu, walimwogopa mwenye nguvu wakaenda kumtoza yatima. Hapo tulikaa kimya muda mrefu.

Chupa ya chai ilikuwa mali ya mama, binti aliiazima kwa chai yake mwenyewe, na mama alikuwa sokoni. Hapa tulimwambia binti waziwazi kwamba deni ni lake. Machozi yake hayalifuti, maana Walawi 19:15 inakataza kumpendelea maskini katika hukumu kama inavyokataza kumheshimu mkubwa. Na yule mjane ana haki gani akipoteza chupa yake kwa sababu sisi tunamhurumia mwingine? Lakini iko pia Walawi 5, ambapo asiyeweza mwana-kondoo analeta njiwa wawili, na asiyeweza hao analeta unga kidogo. Kila mtu analeta, ila si kwa kipimo kimoja. Shilingi 50,000 kwa mwezi kutoka kwa msichana anayeacha kula si kipimo hicho. 5,000 ingetosha, na mama mwenyewe alikubali.

Kuna jambo moja zaidi juu ya chupa ile. Vigae vilionekana siku nne baadaye, vimefungwa katika kaveera chini ya kitanda cha binti. Wakasema, mnaona, ni mwongo. Tukauliza ilikuwaje glasi ilipovunjika kabla ya hapo. Mtoto mdogo wa yule mama akajibu mbele ya wakubwa kwamba watu walipiga kelele wiki nzima. Kijana wa Yordani aliweza kulia kwa sauti kwa sababu alimjua Elisha atamjibu namna gani. Wazazi, na ninyi vijana wakubwa katika nyumba za kuchanga, jiulizeni vitu vingapi vimefichwa chini ya vitanda vyenu.

Ikabaki televisheni, na ndiyo iliyokuwa na fedha nyingi. Waya ulitoka kitandani kwa mwenye televisheni, ukavuka mlango, ukaingia tundu la umeme upande wa pili. Watu saba walikuwa wakiuruka kila siku. Kutoka 21:33-34 inasema mtu akichimba shimo asilifunike, na mnyama akatumbukia, mwenye shimo ndiye atakayelipa. Hapa mwenye shimo na mwenye mnyama ni mtu mmoja. Tena alikuwapo chumbani, na umeme uliisha katika zamu yake ya kununua. Tulimwambia kwamba hasara ni yake. Hakufurahi. Jumapili mbili hakutusalimu, na tunamwelewa, kwa maana aliiweka akiba ile televisheni mwaka mzima kwa kubeba mizigo. Laiti binti angekuwa amesukumana na wenzake kwa mchezo, au ameirusha kwa hasira, hukumu ingekuwa nyingine kabisa.

Binti alikuwa ameshatoa 100,000. Tukitoa 25,000 za chupa, alistahili kurudishiwa 75,000, na kijana aliyezipokea alikwisha kuzitumia kwa kodi. Hapo ndipo kijana wa tatu, ambaye kikao kizima alikuwa hajasema neno, akaomba daftari, akaandika kwamba atazilipa yeye kwa mara tatu, akatia sahihi. Tulimkumbuka Paulo katika Filemoni 18 na 19. Paulo hakumwambia Filemoni kwamba kwa kuwa ameokoka aisahau hasara yake. Alisema iandikwe katika hesabu yake yeye Paulo, tena akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Tumechoka na watu wanaosema "niachieni mimi" kwa mdomo tu. Yule kijana amekwisha kulipa zote.

Wengine watauliza habari ya LC. Mahakama za LC1 zimepewa na sheria ya mwaka 2006 mamlaka ya kusikiliza madeni na uharibifu wa mali usiozidi shilingi milioni 2, kwa hiyo mambo kama haya yanaingia. Kati ya ndugu wa kanisa tunashauri muanze kwa wazee, kwa sababu ya 1 Wakorintho 6, ambapo Paulo anawashangaa Wakorintho kana kwamba hawana hata mtu mmoja mwenye hekima wa kuamua kati ya ndugu. Lakini mwenye nyumba si mshirika wa kanisa letu. Kumpeleka mbele ya mwenyekiti kwa adabu, pamoja na mtu anayejua Luganda, si dhambi. Kwa habari ya kioo hatukufika huko. Mzee mmoja wa kanisa alikwenda na wale vijana wakaongea naye, na komeo jipya liliwekwa pamoja na kioo. Walimwogopa bure.

Tunarudi kidogo kwa Elisha, maana kuna jambo linatupita. Chuma kilielea kwa ajili ya nani? Yule kijana angeweza kusamehewa na kwenda zake, wala Mungu asingehitaji kugusa maji. Lakini mwenye shoka, ambaye hata jina lake halikuandikwa, angebaki bila shoka. Mungu alifanya muujiza ili kitu cha watu kirudi. Na Elisha hakukitoa chuma mwenyewe, alimwambia kijana akichukue, naye akanyosha mkono wake.

Nyumba ile sasa ina kopo. Kila mkubwa anatia shilingi 3,000 kwa mwezi kwa ajili ya vitu vya wote, balbu, ndoo, kufuli la choo, na vitu vya mtu binafsi vimeandikwa kwenye daftari pamoja na jina la mwenyewe na masharti ya kuazima. Waya umepitishwa juu ya mlango kwa misumari. Binti alirudi, ila alihamia chumba cha yule mama, kwa kupenda kwake.

Wazee wawili watashuka Kampala mwisho wa mwezi huu kutembelea nyumba za vijana wetu, Wandegeya kwanza. Wazazi wenye watoto huko wampe katibu wa kanisa jina la mtoto na namba ya simu kabla ya ibada ya Jumapili ijayo. Wenye unga au maharage ya kutuma wayafunge vizuri na waandike jina juu ya mfuko, kwa sababu safari iliyopita mifuko miwili ilifika bila jina.