Mboga Chungu za Pasaka na Wajibu wa Kuonja

Mboga chungu ni majani mabichi ambayo Torati, katika Kutoka sura ya 12, inaagiza yaliwe usiku wa Pasaka ya Kiyahudi pamoja na mkate usiotiwa chachu na nyama ya mwanakondoo iliyochomwa motoni. Warumi walipolibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, Wayahudi waliacha kutoa sadaka ya mwanakondoo, lakini mboga zikabaki mezani. Wasamaria wa Mlima Gerizimu, jamii nyingine inayoifuata Torati, wao huchinja mwanakondoo, humchoma na kumla kwa mboga chungu hadi leo.

Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inataja aina tano za mboga zinazofaa, ya kwanza ikiwa majani ya saladi. Walimu wa kale walisema mboga hiyo huanza laini na kuishia ngumu, kama Misri ilivyowapokea Waisraeli kwa upole kisha ikawatumikisha.

Pasaka ni sikukuu ya ukombozi kutoka utumwa huo. Kwa nini basi mtu huru alishwe uchungu? Jibu la kwanza ni kumbukumbu: Rabi Gamalieli alifundisha kwamba asiyeeleza maana ya mwanakondoo, mkate na mboga chungu hajatimiza wajibu wake. Hata hivyo, kama shabaha ingekuwa kukumbuka tu, masimulizi yangetosha. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya walimu juu ya Mishna, inadai zaidi. Humo mwalimu Rava anasema aliyemeza mkate bila kuutafuna ametimiza amri, ila aliyemeza mboga chungu bila kuitafuna hajaitimiza. Amri hii hutimizwa ulimini.

Swali linakuwa gumu zaidi inapoletwa haroseti, rojo tamu ambamo mboga huchovywa. Wayahudi wa Ulaya Mashariki huitengeneza kwa matufaha, njugu, mdalasini na divai. Wale wenye asili ya Iraki hutumia tende. Rabi Yohanani aliiona kuwa ukumbusho wa udongo wa matofali ya utumwani. Je, utamu wake haubatilishi amri? Rabi Yosef Karo, katika Shulchan Aruch, kitabu chake cha sheria za Kiyahudi kilichochapishwa Venice mwaka 1565, anaamua hivi: mboga ichovywe, isiachwe humo, kisha haroseti ikung'utwe ili ladha ya mboga isipotee.

Kwa uamuzi huo, faraja ina nafasi yake mezani, mradi isiufunike ukweli wa utumwa. Wala hakuna anayetakiwa kujitesa: kipimo cha mboga ni ukubwa wa zeituni moja, lakini sharti kitafunwe.