Wimbo wa Theluji ni wa Nani?

Hivi, ndugu msomaji, mtu akitunga wimbo, unabaki kuwa wake mpaka lini? Swali hili lilinijia Desemba moja, dukani Kariakoo, jasho linanitiririka, na spika ya mwenye duka inaimba habari za Krismasi ya theluji. Jamaa mmoja kwenye foleni akasema, "Hawa nao! Theluji tumeiona wapi sisi, labda kwenye friji." Tukacheka wote. Nilipofika nyumbani nikaanza kuona kwamba tulicheka mapema.

Wimbo wenyewe ni White Christmas, wa Irving Berlin. Huyu bwana alizaliwa mwaka 1888 katika Dola ya Urusi, mtoto wa Myahudi aliyeongoza nyimbo za sala katika sinagogi. Mwaka 1893 familia ikahamia New York. Krismasi haikuwa sikukuu ya wazee wake. Tena, mwanawe mchanga alifariki tarehe 25 Desemba 1928. Siku ambayo wengine walishangilia, nyumbani kwake ilikuwa siku ya msiba.

Kuna jambo jingine. Wimbo una utangulizi ambao Bing Crosby hakuuimba aliporekodi. Humo mwimbaji yuko Beverly Hills, California, kwenye jua na mitende, anatamani kuwa kaskazini. Kumbe wimbo wa theluji ni wa mtu asiye na theluji! Yule jamaa wa Kariakoo alikuwa ndani ya wimbo bila kujua.

Crosby aliuimba redioni tarehe 25 Desemba 1941, wiki chache tu baada ya Marekani kuingia vitani, akaurekodi Mei 1942. Askari waliokuwa mbali na kwao wakaung'ang'ania. Nakala zilitolewa nyingi mno hata rekodi mama ikachakaa, ikabidi mwaka 1947 arudi studio kuurekodi upya. Berlin alitunga hamu ya mtu mmoja. Kila askari akatia humo kijiji chake.

Mwaka 1954 The Drifters, kundi la waimbaji weusi, wakaurekodi kwa mtindo wao wa kuchezesha. Mwaka 1957 Elvis Presley akafuata mtindo uleule. Hapo Berlin akachukia. Ofisi yake ikapiga simu kwenye stesheni za redio, ikiomba rekodi ya Presley isipigwe.

Je, alikuwa na haki? Tusimcheke haraka. Mtu aliyetia uchungu wake katika kazi anaumia akiona imegeuzwa ngoma ya vijana. Lakini Berlin mwenyewe alifanya nini? Alichukua sikukuu ya watu wengine, akaitungia wimbo usiomtaja Yesu hata mara moja. Wakristo wangeweza kupiga simu vilevile! Kama kugeuza kitu cha wenzio ni dhambi, basi yeye ndiye aliyetangulia kuitenda.

Sheria ya Marekani iliruhusu mtu kurekodi wimbo ambao umekwisha kurekodiwa, mradi amlipe mtunzi. Kwa hiyo kila sahani ya Presley iliyouzwa ilimletea Berlin chake. Mimi naona hapo sheria iliona mbali: mtunzi ana haki ya jasho lake, ila hana haki ya kuamua wimbo uwe na maana gani katika moyo wa mtu mwingine. Wimbo usioruhusiwa kubadilika usingewafikia wale askari, wala usingefika Kariakoo.

Hata hivyo kuna mtu tumemsahau. Sheria humlipa aliyetunga; haimlipi aliyebuni namna ya kuimba. The Drifters walionyesha njia, Presley akapita, na kelele zote zikawa kati ya Presley na Berlin. Mwenye deni hakudaiwa, na mwenye kudai alikwishalipwa. Huo ndio uonevu ninaouona mimi katika hadithi hii, na hakuna aliyeupigia simu.

Basi, msomaji mwenzangu, nawe unayeandika mashairi kwenye daftari lako, jiulize maswali mawili. Atakapotokea mtu wa kukugeuzia shairi lako, utasema nini? Na lile ulilojifunza kwa mwenzio, ambalo hakuna sheria ya kukulazimisha kulilipa, umewahi hata kumtaja jina?